Fomu ya Ridhaa Haiishii Kijijini

Maneno haya niliyasema mbele ya wanachuo hapa Dodoma, ndani ya Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Spika zilikuwa zinakwaruza, na waliokaa nyuma ya turubai wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, ila nimepunguza pale nilipopiga soga.

Mbukwenyi!

Mmeitikia vizuri. Ninyi wa mwaka wa kwanza mliokuja juzi na treni kutoka Dar, ukisikia "mbukwenyi" hapa mjini, jibu "mbukwa". Hilo ndilo somo la kwanza na halina mtihani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali ya wanafunzi, wahadhiri wenzangu, wadogo zangu na wanangu, itifaki imezingatiwa. Siku zote nimetamani kumwuliza mtu hiyo itifaki huwa inazingatiwa saa ngapi, maana kila msemaji akisimama anaikuta imeshazingatiwa. Lakini jua ni kali na mvua bado inatuchezea, tuendelee.

Asubuhi hapa palikuwa na maonesho ya utafiti. Nimepita kwenye mabango yenu. Kuna binti amepima chumvi ya maji ya visima, na sisi tunaokunywa maji ya Dodoma hatukuhitaji mashine kujua jibu, ila yeye ametuletea namba. Kuna kijana ameshughulika na ubwiri kwenye zabibu. Mchana huu turubai lile lile limegeuka kuwa la kuzungumzia ukatili, rushwa ya ngono na ridhaa. Wakati wa chai kijana mmoja akanifuata, kwa adabu kabisa, akaniuliza: "Madamu, hivi haya mambo mawili yanaungana wapi? Au ni bajeti ya turubai?"

Nilicheka. Bajeti ya turubai imo, sitamdanganya. Lakini swali lake lilinifanya niiache hotuba niliyokuwa nimeichapa. Nikakaa pale chini ya mwarobaini nikaandika nyingine kwenye mgongo wa ratiba. Ndiyo hii.

Tarehe zenyewe nizitaje upesi. Siku 16 zinaanza Novemba 25 na kuishia Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, na dunia imekuwa ikiziadhimisha tangu 1991. Novemba 25 ni kumbukumbu ya ndugu watatu wa kike wa ukoo wa Mirabal, waliouawa mwaka 1960 huko Jamhuri ya Dominika kwa sababu walimpinga dikteta Trujillo. Basi. Sasa niwapeleke kijijini.

Miaka ishirini na ushee iliyopita nilikuwa nimemaliza digrii ya kwanza, sina kazi, nikachukuliwa kuwa mdadisi kwenye utafiti wa afya ya mama na mtoto. Tulipangiwa kijiji kimoja ng'ambo ya Mvumi. Kazi ya mdadisi mnaijua: unabeba begi la madodoso, unabeba kibao cha kuandikia, unabeba na kidau cha wino kwa ajili ya wasiojua kuandika. Kabla hujauliza swali lolote unasoma fomu ya ridhaa. Utafiti unahusu nini, utachukua muda gani, una hatari gani, jina lako halitaandikwa, una hiari ya kukataa, na ukishaanza unaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu. Mtu akiridhia, anasaini au anaweka dole gumba. Asiporidhia, unamshukuru unaondoka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametusaidia mno. Alikuwa ameitisha mkutano chini ya mbuyu akatangaza kwamba wageni wanatoka serikalini na kila kaya itoe ushirikiano. Mgambo alitutangulia nyumba hadi nyumba. Kwa siku ya kwanza nilijaza madodoso kumi na mawili, nikajiona bingwa.

Katika hao kumi na wawili kulikuwa na mama mmoja, makamo, alikuwa anapepeta uwele. Nilipoanza kumsomea fomu akanikatisha. "Mwanangu, mwenyekiti ameshasema. Leta huo wino." Akaweka dole. Nikauliza maswali yangu yote, akajibu yote, hata yale ambayo leo nikiyakumbuka naona haya. Ameharibikiwa mimba ngapi. Mume amewahi kumpiga wakati wa ujauzito. Alijibu huku anapepeta, macho kwenye ungo.

Usiku, kwenye taa ya chemli, msimamizi wetu alikuwa anapitia madodoso. Aliniuliza mbona muda wa mahojiano haya ni mfupi hivi, fomu niliisoma saa ngapi? Nikamweleza kwa fahari kabisa: alikubali mwenyewe, tena haraka. Yule mzee alivua miwani. Aliniambia, "Huyu hajaridhia. Hii ni amri ya mwenyekiti iliyopakwa wino." Akachana dodoso langu vipande viwili mbele ya wenzangu. Nililia kidogo, si kwa maadili, ni kwa sababu tulilipwa kwa dodoso.

Kesho yake alinirudisha kwa yule mama, bila mgambo. Nikaomba radhi, nikasoma fomu yote, pole pole, na safari hii nikasema kile ambacho jana sikukisema: kwamba akikataa, mwenyekiti hatajua na hakuna kitakachompata. Akaniangalia muda mrefu. Akauliza, "Yaani naweza kusema sitaki?" Nikasema ndiyo. Akasema maswali ya watoto atajibu, ya mume hataki. Tukafanya hivyo. Tulipomaliza akanilisha ugali wa uwele na mlenda, na hapo ndipo nilipojua kuwa jana sikukaribishwa.

Nimefundisha maadili ya utafiti miaka mingi baada ya pale, na kila mwaka narudi kwenye lile dole. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili ambayo tunayachanganya ovyo: kukubali na kuridhia. Mama yule jana yake alikubali. Hakuridhia. Ridhaa ni ndugu wa radhi, ile radhi mnayoiomba kwa mzazi kabla ya safari, ambayo haitolewi kwa kunyang'anywa. Mtu anaweza kukubali kwa hofu, kwa njaa, kwa aibu, kwa kuchoka kuombwa, kwa sababu mlango umefungwa. Kuridhia hakutoki huko.

Na msidhani fomu hii ilizuka kwa sababu wazungu wanapenda makaratasi. Imeandikwa kwa maiti. Baada ya vita vya pili vya dunia, madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio ya kutisha walishitakiwa huko Nuremberg. Hukumu ya 1947 ilitoka na kanuni kumi, na ya kwanza inasema ridhaa ya hiari ya mtu ni lazima. Mwaka 1964 madaktari wa dunia wakatoa Azimio la Helsinki. Lakini mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa Tuskegee, Alabama, Marekani, kwa sababu pale hapakuwa na kambi wala bunduki.

Kuanzia 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa wana kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya". Walipewa usafiri wa kwenda kliniki, chakula cha moto siku ya vipimo, na ahadi ya gharama za mazishi. Penisilini ilipokuja kuwa dawa ya kaswende, miaka ya 1940, hawakupewa, ili watafiti waone ugonjwa unakwenda hadi wapi. Mambo hayo yaliendelea mpaka 1972, Peter Buxtun, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa idara hiyo, alipoyafikisha kwa waandishi wa habari baada ya kulalamika ndani kwa miaka bila kusikilizwa. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Wanaume wale walikubali. Hakuna aliyefungwa kamba. Walipanda gari kwa miguu yao, wakakunja mikono ya mashati wenyewe. Ukimpata mtetezi wa wale madaktari angekuambia, "Si walikuja wenyewe?"

Naona mmeanza kuangaliana. Hiyo sentensi mmeisikia wapi? Mmeisikia hosteli. "Si alikuja geto mwenyewe?" "Si alipanda bodaboda mwenyewe?" "Si alikula chipsi kuku zangu?"

Haya, tuchukue fomu ileile tuliyobeba kijijini tuifungue hapa chuoni.

Chipsi kuku kwanza. Kwenye kamati ya maadili, ile inayopitia tafiti kabla hazijaanza, mtafiti akiandika kwamba atawapa washiriki pesa, tunauliza ni kiasi gani. Nauli na soda, sawa. Ikiwa kubwa mno tunakataa, kwa sababu pesa ile itakuwa inanunua ndiyo ya mtu. Na aliyekwisha pokea soda akisema naacha, anaondoka na soda yake tumboni, humdai. Sasa wewe kijana uliyekula bumu, pesa yako ya mkopo wa chuo, kwa wiki moja kwa ajili ya kumtoa mtu pale Nyerere Square, umefanya ukarimu. Hukuweka rehani.

Pombe. Hakuna kamati yoyote itakayopokea fomu iliyosainiwa baa saa sita usiku na mtu anayeshikilia ukuta. Tungecheka, halafu tungekufungia utafiti. Sheria nayo haicheki. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130, kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inasema ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho, kwa kumtia mtu hofu, au baada ya kuleweshwa, si ridhaa. Inasema pia jambo ambalo wengi hamlijui: si lazima mwanamke awe na majeraha ili kuthibitisha kuwa hakuridhia. Mwili ukiogopa unaweza kuganda. Kunyamaza si kukubali, hata kama wahenga wetu wengine walipitisha hivyo. Adhabu haipungui miaka 30, inafika maisha. Na aliye chini ya miaka 18, kama hao wa sekondari mnaokutana nao kwenye daladala, ndiyo yake mbele ya sheria haina uzito. Sheria hiyo ina tundu lake, nalo ni ndani ya ndoa, ambako inamlinda mke ikiwa tu wametengana na mumewe. Wanaosoma sheria, nawaachia kazi.

Sasa kujitoa. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye ugomvi. Mtafiti anajua kwamba mshiriki aliyejibu maswali thelathini anaweza kuacha la thelathini na moja. Inauma, umetembea jua kali, sampuli yako inapungua, lakini unafunga kitabu. Humwambii "tumeshafika mbali". Humwambii "jana ulijibu, leo imekuwaje?" Na hadaiwi maelezo. Lakini kijana huyohuyo aliyefunga kitabu kijijini kwa heshima zote, akirudi chuoni mpenzi wake akamwambia basi, leo sitaki, anaona ametapeliwa. Elimu aliyonayo ameiacha fildi pamoja na viatu vya vumbi.

Na kuna picha. Ukichukua damu ya mtu ili upime malaria, huruhusiwi kesho kuitoa frijini ukapimia kitu kingine bila kurudi kuomba. Ridhaa ya jambo moja haihami kwenda jingine. Binti aliyekutumia picha wewe, amekutumia wewe. Hajalitumia kundi la WhatsApp la washikaji wako. Siku mliyoachana haukufunguliwa ukumbi wa maonesho. Hilo nimelishughulikia ofisini mara nyingi kuliko mnavyofikiri, na waliolia hawakuwa wasichana peke yao. Ule utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini 2009 ulionesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mmoja kati ya saba. Safu ile pale ya vijana wenye jezi, hesabuni. Mkimaliza kuhesabu, punguzeni utani wenu kwa mwanaume anayesema ameumizwa.

Nakuja kwenye meza kuu. Hapa nitasema taratibu, maana baadhi ya wenzangu wako mgongoni kwangu nami siwaoni nyuso.

Katika maadili ya utafiti kuna watu tunaowaita walio katika mazingira ya kutoweza kukataa. Wafungwa mbele ya bwana jela. Askari mbele ya kamanda. Wagonjwa mbele ya daktari wao. Na wanafunzi mbele ya mwalimu wao. Mimi nikitaka wanafunzi wangu washiriki kwenye utafiti wangu, hata kama ni kutemea mate kwenye kichupa, kamati hainiruhusu kuwaomba mwenyewe. Lazima aje mtu mwingine, mimi nitoke chumbani, na nisijue nani alikataa. Kwa nini? Kwa sababu ninashika alama zao, na wote tunajua kwamba hapana yao mbele yangu ina gharama.

Mate kwenye kichupa! Chuo kinaniona sifai kuomba hata hayo. Sasa niambieni, mhadhiri anayemwita mwanafunzi ofisini Jumamosi "kujadili kozi weki", anategemea apate ridhaa ya namna gani?

Nami niliitwa. Sitataja chuo wala mtu. Nilikuwa mwaka wa tatu, matokeo ya mradi wangu hayakuwa ubaoni. Mhusika akaniambia yako kwake, nije Jumamosi jioni, jengo lina utulivu. Nikaenda na rafiki yangu, tena mwenye sauti kubwa. Alipotuona wawili akakunja uso, akasema ana kikao. Alama zilitoka baada ya wiki tatu, zikiwa pungufu ya nilivyostahili, nami nikazichukua nikanyamaza. Nilinyamaza miaka kumi na moja. Ningeongea na nani? Malalamiko yalikuwa yanapelekwa kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa ndiye aliyekuwa na kikao Jumamosi.

Tumetoka mbali kidogo tangu pale. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, ililitaja jambo hili kwa jina: mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo ametenda kosa. Ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Milioni tano ni bodaboda mpya na chenji. Nilisema hivyo kwenye semina moja nikaambiwa nina ukali. Novemba 2018 mhadhiri mmoja wa kike aliandika mtandaoni kumwambia Rais wa wakati huo, aliyekuwa anakwenda kuzindua maktaba mpya ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwamba rushwa ya ngono imekithiri. Nchi nzima ikazungumza. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, nayo ikafanya utafiti katika vyuo vikuu viwili vya umma, cha Dar es Salaam na hiki cha hapa Dodoma, na matokeo yaliyotolewa 2020 yakasema tatizo lipo. Kwa hiyo tusirudi kwenye mjadala wa lipo au halipo.

Mimi sipendi dawa ya kuwaambia mabinti wavae vizuri. Napenda dawa za makaratasi, ndivyo nilivyo. Mtihani uwe na namba, usiwe na jina. Alama za mradi zisitoke kwa mtu mmoja, wawe wasahihishaji wawili wasioongozana. Tarehe ya kutangaza matokeo iwe ubaoni, mtu asiweze kuyaweka kwenye droo. Mlango wa ofisi uwe na kioo. Rufaa ya alama isipitie kwa aliyezitoa. Hayo yanamlinda hata mhadhiri mwadilifu, ambaye leo akimpa binti A darasa zima linasema amebebwa. Na ninyi mnaosema hivyo, mjue mnamwibia mwenzenu usiku wake wote wa kusoma.

Sasa niongee na wa mwaka wa tatu, maana nimeona mada zenu. Wengi mnataka kuandika tasnifu kuhusu ukatili. Vizuri. Lakini mwaka jana kamati yetu ilirudisha pendekezo la kijana aliyetaka kusambaza fomu ya Google kwenye makundi ya WhatsApp ya hosteli, lenye swali "Je, umewahi kubakwa?", na swali linalofuata likiomba namba ya simu. Alikuwa na nia njema. Nia njema ndiyo inayonitisha kuliko zote.

Yupo aliyewahi kuifanya kazi hii vizuri, tena hapa nchini. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2001 na 2002, lilifanya utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake katika nchi kadhaa, na kwetu ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Ule utafiti haukutangazwa mtaani kuwa ni wa ukatili, uliitwa wa afya ya wanawake, ili mume asijue mke amehojiwa nini. Kila nyumba walimhoji mwanamke mmoja tu. Walikaa faragha. Mtu akiingia ghafla, mdadisi aligeuza ukurasa akaanza kuuliza mambo mengine ya kawaida, na mama aliyekuwa anasimulia kipigo akawa anajibu habari za uzazi kana kwamba ndizo walizokuwa nazo tangu mwanzo. Mimi nikiisoma hiyo naona wanawake wawili wasiojuana wakilindana kwa karatasi. Na matokeo? Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Namba hizo zisingepatikana kwa kuvizia. Watu husema ukweli wanapojua wanaweza kukataa kusema.

Hata hapa mkoani kwetu tunayo historia. Kongwa imechangia sayansi ya dunia kuhusu trakoma, ule ugonjwa wa vikope. Utafiti uliochapishwa 1995 ulilinganisha vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho, vitatu vikaongezewa kampeni ya kuosha watoto nyuso, na leo usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati wa dunia dhidi ya trakoma. Mzazi wa Kigogo aliyemleta mtoto wake ageuzwe kope na mgeni aliutoa mwili wa mwanawe kwa ajili ya macho ya watu asiowajua. Anastahili kuombwa vizuri.

Mahojiano yakimliza mtu, funga kitabu. Usiseme "pole, swali linalofuata". Uwe na jina na namba ya pa kumpeleka kabla hujaingia fildi. Na majina ya watu usiyahifadhi kwenye flashi unayoazima kwa wenzako, tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na inawahusu ninyi pia.

Likikupata wewe, au rafiki yako, sikiliza kwa makini, wenye kalamu shikeni kalamu. Saa 72. Ndani ya saa hizo hospitali inaweza kukupa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Dawa ya kuzuia mimba ichukuliwe mapema pia, isipite saa 120. Usioge kwanza, najua ndilo jambo mwili unalolitaka kuliko yote, lakini jaribu. Nguo ulizovaa weka kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, usitumie plastiki. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi ukapate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au nenda kituo cha mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakaa pamoja. Ukiwa na hali mbaya, tangulia hospitali, karatasi itakufuata. Rushwa ya ngono, TAKUKURU wanapokea simu ya bure 113. Hapa chuoni lipo dawati la jinsia, maana mwongozo wa kuyaanzisha vyuoni ulizinduliwa 2021. Kama mlango wake umefungwa saa za kazi, njoo uniambie mimi, nitakwenda kuugonga.

Na rafiki anayepewa habari hizi wa kwanza, wewe wa kitanda cha juu unayeamshwa saa tisa usiku: usiulize alivaa nini, usiulize alikwenda kufanya nini. Mpe maji. Mwambie unamwamini. Muulize anataka twende wapi, halafu umsikilize. Ametoka kunyimwa nafasi ya kuamua, usimnyime ya pili kwa kumburuza polisi kwa huruma.

Yule kijana wa turubai aliniuliza swali la pili wakati wa chai, wenzake wakamcheka. Alisema, "Sasa Madamu, tuwe tunatembea na fomu?" Nimelipenda hilo swali. Kijana, wewe umelelewa kwenye hodi. Hujawahi kuingia nyumba ya watu bila kuipiga. Ukipiga hodi kimya, unapiga tena. Ukipiga ya tatu kimya, unageuka unaondoka, hata kama viatu vyao viko mlangoni na redio inalia ndani. Na ukishakaribishwa sebuleni, chumbani hujakaribishwa. Nani alikufundisha kwa fomu?

Upepo umeanza kulitikisa turubai na naona wa jikoni wananipa ishara. Mwenye maikrofoni yuko wapi? Nianze na yule dada wa safu ya tatu mwenye daftari la kijani, amenyoosha mkono tangu niliposema Jumamosi. Kama hutaki kuuliza hadharani mwanangu, teremsha tu mkono, nitakuwa pale kwenye mwarobaini mpaka saa kumi na mbili.